Safari ya Medani za Vita: Kutoka Voi Hadi Taveta

Katika nchi za Ulaya iko desturi ambayo sisi huku twaijua kidogo tu. Vita vikiisha, askari waliopigana hukaa miaka kadha wa kadha, kisha hurudi pale pale walipopigania, safari hii si kwa bunduki bali kwa tikiti ya meli na ya gari la moshi, nao hufuatana na wake zao na watoto wao. Mbele yao hutangulia mtu aijuaye nchi ile vema, akiwaonyesha: hapa palikuwa na handaki, pale palikuwa na mzinga, na katika bonde lile ndipo kikosi chenu kilipovuka mto. Mwisho wa safari aghalabu huwa makaburini.

Mwaka 1928 chama cha askari wa zamani wa Uingereza kiliwachukua watu wapata 11,000 kwenda kuzuru viwanja vya vita vya Ufaransa na Ubelgiji, mahali ambapo miaka kumi tu kabla ya hapo ndugu zao walikuwa wakifa kwa maelfu. Miongoni mwao walikuwamo wajane na akina mama waliofiwa na wana wao. Baada ya Vita vya Pili, wale waliopigana Normandy mwaka 1944 walifanya vivyo hivyo, na katika miaka ya karibuni fedha za bahati nasibu ya taifa la Uingereza zilitengwa ili kuwalipia nauli wazee na wajane waliotaka kwenda kuaga kwa mara ya mwisho.

Huenda msomaji akauliza, yafaa nini kurudi mahali pa huzuni? Jibu si gumu. Mtu aliyemzika rafiki yake upesi upesi, huku risasi zikilia, hutamani kumwona amelala mahali pa heshima. Mke aliyeletewa habari kwa karatasi ya maneno machache hutaka kuiona ardhi iliyompokea mumewe. Na mtoto hutaka kufahamu kwa nini baba yake alirudi vitani akiwa mtu wa kunyamaza. Msiba usio na kaburi hauishi. Hukaa nyumbani kama mgeni asiyeaga.

Basi, sisi Wakenya hatuna haja ya kuvuka bahari ili kuiona medani ya vita. Iko hapa kwetu, kati ya Voi na Taveta, mwendo wa kilomita 110 hivi, katika barabara ya lami ambayo matatu hupita kila siku. Abiria wengi husinzia njia nzima, wala hawajui kwamba nje ya dirisha ni nchi iliyomwagika damu ya Waafrika, Wahindi, Waingereza, Wajerumani na watu wa Afrika Kusini katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Wageni wa mbali wanajua. Huja wajukuu na vitukuu vya askari wale, maana wenyewe hakuna aliye hai leo, nao huongozwa kutoka kituo hadi kituo wakiwa na ramani na picha za wazee wao mikononi. Nawaomba wasomaji tuifuate njia yao.

Safari huanza Voi, kwenye makaburi ya vita. Hapo amezikwa Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliyekuwa ofisa katika jeshi la Uingereza. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alipigwa risasi mguuni. Alipokuwa akichukuliwa aliona kwamba adui wamekaribia na kwamba majeruhi wasioweza kutembea wataachwa nyuma. Akaamuru wenzake wamwache pamoja nao, akitumaini kwamba labda angeweza kuwaokoa. Hakuokoka mwenyewe, na baada ya kufa kwake alitunukiwa nishani ya Victoria Cross. Wageni husimama kimya mbele ya jiwe lake, wakasoma jina, wakapiga picha.

Kutoka Voi njia yapanda kidogo kuelekea Mwatate na Bura, kisha yashuka katika nyika ya miiba na udongo mwekundu. Hapa msafiri huelewa jambo moja kubwa la vita vile, nalo ni kiu. Wajerumani waliuteka mji wa Taveta mwezi wa Agosti 1914, na Waingereza hawakuweza kuwafukuza bila kwanza kujenga reli kutoka Voi na kuleta maji kwa bomba kutoka vilima vya Bura. Maktau palikuwa kambi kubwa, na hata leo yapo makaburi ya askari wa Kihindi waliofia huko, mbali sana na mito ya kwao. Mbele yake ni Mbuyuni, ambako Waingereza walishambulia mwezi wa Julai 1915 wakashindwa, wasipate kupakalia mpaka Januari 1916.

Hatimaye twafika Salaita. Asiyeambiwa angedhani ni kilima tu cha kuchungia mbuzi, kwa kuwa si kirefu, nacho kimesimama peke yake katika nchi tambarare. Lakini hapo ndipo askari wa kizungu wa Afrika Kusini, waliokuwa wamefika karibuni, walipotumwa kushambulia tarehe 12 Februari 1916. Walikuwa wakiwadharau adui zao kwa sababu wengi wao walikuwa askari weusi wa jeshi la Wajerumani. Mizinga ya Waingereza ilipiga kilele cha kilima, kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa katika vichaka. Askari wale walipokaribia walipokewa kwa bunduki za bombomu, wakarudi nyuma kwa fujo, na zaidi ya 130 kati yao waliuawa au kujeruhiwa.

Walioziba pengo siku ile ni kikosi cha 130 cha Wabulushi kutoka India. Walisimama imara mpaka wenzao wakapata nafasi ya kuondoka, tena walizichukua bunduki za bombomu zilizoachwa njiani na watu wa Afrika Kusini, wakazirudisha kwa wenyewe pamoja na barua ya salamu. Inasemekana kwamba baada ya siku ile hawakusikia tena majina ya dharau waliyokuwa wakiitwa kambini. Kiongozi wa safari akifika hapa katika maelezo yake wageni hucheka, lakini ni kicheko chenye mafunzo.

Kilima chenyewe kiliachwa bila vita mwezi uliofuata, Jenerali Smuts alipowazunguka Wajerumani kwa upande wa Chala. Vita vikahamia Latema na Reata, vilima viwili vinavyoonekana ukitazama upande wa mpakani. Usiku wa tarehe 11 Machi 1916 askari wa Keya, Wabulushi, Warhodesia na watu wa Afrika Kusini walipanda katika giza, wakapigana mtu kwa mtu, na kamanda wa kikosi cha 3 cha Keya akauawa. Kulipokucha Wajerumani walikuwa wameanza kuondoka. Baadhi ya waliokufa katika mapigano haya wamelala katika makaburi ya vita ya Taveta, mahali safi penye majani yaliyokatwa na mawe yaliyopangwa kwa mstari, na anga likiwa jeupe, Kilimanjaro huonekana kama mlinzi.

Hapo safari ya kuongozwa hukoma. Nami hapo ndipo ninapotaka kuanza.

Katika njia hii yote, ni nani aliyebeba risasi, unga, mahema na majeruhi? Gari la moshi lilikoma mwisho wa reli. Punda, ng'ombe na farasi walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Mbele ya hapo kila kitu kilikwenda kwa kichwa cha mtu. Watu hao ni wapagazi wa Kariakoo, waliotolewa katika kila wilaya yetu, na hasa mwaka 1917, serikali ya siku zile ilipowaagiza machifu wakusanye vijana kwa wingi, watake wasitake. Walifuata jeshi mpaka kusini kabisa mwa Tanganyika na Msumbiji, kila mmoja na mzigo wa ratili 50 hivi. Hawakuuawa sana kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na unga usioiva.

Wala mateso hayakuwa ya wapagazi peke yao. Mwaka 1915 watu wa Kasigau, ambao kilima chao huonekana kusini mwa njia hii, walihamishwa kwa nguvu hadi Malindi, wakishtakiwa kwamba wamewasaidia Wajerumani. Wengi walifia huko. Hao nao walikuwa watu wa vita hivi, ingawa hawakushika bunduki.

Mgeni akimwuliza kiongozi wake makaburi ya wapagazi yako wapi, kiongozi hana la kuonyesha. Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa mwaka 1917, iliweka sheria njema kwamba wafu wote wakumbukwe sawasawa bila kujali cheo, rangi wala dini. Lakini katika Afrika Mashariki wakubwa wa siku zile waliona kwamba Waafrika walio wengi hawahitaji jiwe la kila mtu, sanamu zingetosha. Ndiyo maana yapo masanamu ya askari na mpagazi katikati ya Nairobi, nayo hayana jina la mtu hata mmoja. Mwezi wa Aprili 2021 Tume hiyo yenyewe ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilieleza kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, walio wengi wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Mimi ni karani, na kazi yangu ni majina. Najua jina likiandikwa vibaya katika daftari, mwenye jina hupotea. Ndivyo ilivyokuwa kwa wapagazi. Majina yao yaliandikwa na watu wasioijua lugha yao, kijiji kikakosewa, jina la baba likaachwa. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu waliokufa au kupotea ilibaki bila mwenyewe kwa kuwa jamaa zao hawakupatikana, na fedha hizo hazikuwafikia. Kosa la kalamu lilimwibia maiti ujira wake, na likamwibia mwanawe kaburi la baba.

Askari wetu wa Vita vya Pili nao hawakupata fungu lililo bora zaidi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, katika mvua na matope, na wengi wamezikwa kule. Zile fedha za bahati nasibu nilizozitaja zilikuwa za wazee wakaao kwao Uingereza; mzee wa Keya wa Meru au wa Kakamega hakuhesabiwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Mfalme Charles alizuru makaburi ya vita ya Kariokor, Nairobi, akawapa wazee wachache wa vita hivyo nishani badala ya zile walizozipoteza. Lilikuwa jambo la heshima, lakini wenzao walio wengi walikuwa wamekwisha kufa bila kuziona tena Burma wala makaburi ya rafiki zao.

Basi tufanye nini? Kulaumu peke yake hakuchimbi kisima. Kwanza, kila nyumba iliyo na babu au babu wa babu aliyekwenda Kariakoo au Keya iandike jina lake kamili, jina la baba yake, kijiji chake, na lolote linalosimuliwa juu yake, kabla wazee wanaokumbuka hawajaondoka. Karatasi moja yatosha. Pili, wakulima na wachungaji wa Taita na Taveta wakiona maganda ya risasi, vyuma vya reli au vitu vingine vya vita, wasiviuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, bali waarifu Makumbusho ya Taifa. Na wakiona kombora lisilolipuka, wasiliguse hata kidogo, waite polisi.

Tatu, walimu wawapeleke watoto. Ikiwa kitukuu cha askari wa Durban aweza kusafiri kwa ndege ili asimame Salaita, mtoto wa shule ya Voi hana udhuru. Nne, vijana wanaojifunza kazi ya kuongoza wageni wasikomee kwa maofisa na nishani zao. Wafikapo Maktau, waeleze pia nani aliyebeba maji, nani aliyebeba majeruhi, na watu wa Kasigau walikwenda wapi. Mgeni hatakasirika, aliyekuja kumtafuta babu yake atafahamu upesi kwamba wenyeji nao wana babu zao.

Msomaji, ukipata siku mbili za likizo, panda gari Voi asubuhi, ushuke Maktau, kisha Salaita, ulale Taveta. Nenda na mtoto wako. Mfikapo makaburini, someni majina yaliyoandikwa, kwa kuwa hao nao walikuwa watoto wa watu. Kisha mwambie jina la yule wa kwenu ambaye hakuandikwa.