Sauti ya Pili

Jumamosi ni siku ya gulio Tengeru, ndiyo maana mazoezi ya kwaya yetu hapa Makumira hayaanzi saa kumi kamili. Nusu ya sauti ya pili bado wako sokoni na ndizi zao. Siku za kazi mimi natafuta habari Arusha mjini. Jumapili ndiye ninayeanzisha nyimbo. Vijana wanataka kinanda na spika kubwa. Sawa tu, ila spika zikifunguliwa simsikii tena mama mmoja wa sauti ya pili, aliyemzika mwanawe Februari.

Hapa hapa Makumira, mwaka 1966, Bernard Kyamanywa akisomea theolojia aliandika "Mfurahini, Haleluya". Leo hata Walutheri wa Ujerumani wanao kitabuni mwao, namba 116. Ni wimbo wa Pasaka, wa furaha tupu, na hapo ndipo nilipokwama. Nikamvuta pembeni: "Shikamoo mama. Mwaka huu tuuache?"

"Marahaba. Anzisha, mwanangu. Ila usipandishe sana, koo limekauka."

Nikaanzia chini, spika zimezimwa. Sauti ya kwanza walinung'unika kidogo.