Mitaa Iliyofuata Greda

Kabla ya 1971, upande wetu wa Kongwa, mtu hakuulizwa anakaa mtaa gani. Aliulizwa ni wa tembe la nani. Tembe moja lilikuwa hapa, jingine kule ng'ambo ya korongo, na katikati ni mashamba, malisho na mibuyu. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, ya kimo kifupi, kuta za fito na udongo, na paa bapa la udongo ambalo akina mama walianikia mazao. Ilizunguka zizi, na milango ikatazama ndani, kwa ng'ombe. Mgeni aliyetokea porini aliona ukuta mtupu mpaka azunguke na kupiga hodi.

Njia nazo zilikuwa za kwato: zizini hadi lambo, lambo hadi malishoni, na siku ya mnada, mnadani. Zilikwepa mawe, zikakwepa tope, na hakuna aliyezipima.

Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu vijijini, ilinikuta bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo mengi nimeyapata kwa babu. Greda lilichonga barabara iliyonyooka, vigingi vikapigwa huku na huku, na kila familia ikaonyeshwa ekari yake. Milango ikageuka, ikatazama barabara. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, sisi tulikuwa tumeshahama. Shule ilijengwa, nami nikasoma humo, kwa hiyo simo katika wanaobeza kila kitu cha wakati ule. Lakini babu hakuacha kusema: "Mjukuu wangu, walituhamisha sisi, samadi wakaiacha kule."

Hakuwa anatania. Katika nchi kame kama Ugogo, ardhi iliyozunguka tembe ndiyo iliyozaa, kwa sababu ng'ombe waliirutubisha miaka na miaka. Kijiji kipya kilikaa juu ya ardhi isiyowahi kuonja samadi, na mashamba yenye rutuba yakabaki mwendo wa asubuhi nzima. Halafu ng'ombe waliokuwa wametawanyika kwenye matembe kadhaa sasa walitoka na kurudi kwa barabara moja, kila siku. Mvua za Januari zilipoikuta imesagika hivyo, zikaibeba. Ninavyoikumbuka mimi nikiwa darasa la nne, barabara ile ya greda ilikuwa korongo, na watu walipita pembeni, ndani ya ekari za wenzao. Tulikuwa tumeanza tena kuchora njia zetu wenyewe.

Kisha lami ya Morogoro hadi Dodoma ikafika, miaka ya 1980. Hapo ndipo kijiji kilipohama mara ya pili, safari hii bila amri ya mtu. Waliokuwa na ekari karibu na barabara kuu walikata vipande vya ishirini kwa ishirini, hatua za miguu, wakauza. Zikaota fremu za maduka, gesti, vibanda vya chipsi, na soko la mahindi la Kibaigwa lilipokua, mafuso yakaanza kulala kando ya lami msimu mzima. Paa bapa halikuwa na nafasi tena: aliyebaki na tembe alionekana hana mtoto mjini. Bati lina joto la kuokea mkate, lakini hakuna anayetaka kurudi kwenye udongo.

Nyuma ya fremu hizo ndiko kulikoharibika. Baba aligawia wanawe, wanawe wakauza, na kila muuzaji aliacha kichochoro kwa kadiri ya moyo wake. Mahali pengine bajaji inapita, pengine mgonjwa hubebwa mpaka lami.

Wa mbele nao hawakucheka muda mrefu. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na kuta zikaanza kupigwa X ya kubomolewa. Mjadala vijiweni ukawa mmoja: nani aliifuata barabara, na nani alifuatwa nayo? Shemeji yangu alipigwa X kwenye fremu mbili. Alikuwa na hoja nzuri, kwamba hakuifuata barabara kwa hiari yake, bali alipelekwa hapo akiwa mtoto, juu ya tela la trekta. Ni hoja ambayo hakuna fomu yenye nafasi ya kuiandika.

Siku hizi wapima wanapita na vifaa vya setilaiti, wanarasimisha makazi. Ramani yao inaonyesha mistari ya greda, vipande vya ishirini kwa ishirini, na njia moja inayokata yote kimshazari, ambayo haifuati kiwanja cha mtu yeyote. Hiyo ndiyo njia ya zamani ya lambo. Lambo limejaa mchanga, ng'ombe wamepungua, ila bodaboda na watoto wa shule hawaijui nyingine. Katika mkutano wa kitongoji wazee waliomba iachiwe mita nne. Mwenye kiwanja alikubali mbili, na tayari ameshusha tofali.