Mpe Naye Zamu

Masasi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Mguu wa baba yako una nafuu, korosho ziko juani.

Nakuandikia kwa sababu ya yule binti aliyerudi shuleni kwako baada ya kujifungua. Nilikutana na mama yake kanisani. Hakulalamika, tena alishukuru: mkuu wa shule, yaani wewe, anamhurumia sana mwanawe. Nikauliza, huruma gani? Akanihesabia. Amepewa dawati la nyuma, karibu na mlango. Hafagii, hamwagilii bustani, mstarini hasimami, netiboli hachezi. Na wenzake wanamwita "Mama". Nilirudi nyumbani chakula hakipiti.

Najua hukukusudia ubaya. Waraka wa Novemba 2021 ulipowafungulia mlango wa shule wasichana waliojifungua, ulinipigia simu kwa furaha. Lakini waraka unamfikisha mtoto darasani tu, kumfanya mwenyeji ni kazi yenu. Nasema haya nikiwa na deni. Katika ualimu wangu niliandika barua tatu za kuwafukuza wasichana wajawazito. Utaratibu ndio uliotaka, ila mwandiko ulikuwa wangu.

Sikiliza. Mwaka 1975 nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni kule Kilimanjaro. Daraja la Mkapa halikuwapo, Rufiji tulivuka kwa kivuko, na masika barabara ya kusini ilifungwa, kwa hiyo likizo fupi nilibaki bwenini. Wasichana wakanipa jina, "Mla Panya". Panya buku kwetu tunamla kweli, na ni mtamu, lakini nilikuwa na miaka kumi na mitano, nililia kila usiku. Matroni akanionea huruma kama unavyofanya wewe. Akatangaza: huyu ametoka mbali, mwacheni apumzike. Nikafutwa kwenye zamu zote. Wenzangu wakideki bweni, mimi nakaa chini ya mti nawatazama. Hakuna aliyenihitaji hata kwa ndoo moja ya maji. Matusi niliyazoea, kile kivuli cha mti sikukizoea.

Siku moja mpiga kengele akashikwa na malaria. Mpishi, mzee asiye na habari na matangazo ya matroni, akanikabidhi chuma na saa ya mezani: kesho uamshe watu saa kumi na moja. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Usingizi sikuupata kwa hofu ya kuchelewa. Nikainuka, nikatazama saa gizani, nikaisoma vibaya, nikapiga. Ilikuwa saa tisa! Shule nzima ikatoka nje na ndoo, baridi ya mlimani inakata masikio. Nilizomewa mpaka nikataka kutoroka. Halafu dada mkuu akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, wakacheka wote, na mimi nikacheka. Tangu asubuhi ile nikaitwa "Saa Tisa". Jina la Mla Panya likafa, maana lilikuwa la mgeni, na hili nililipata kwa kuwaharibia usingizi. Mwaka jana msibani, Dar es Salaam, bibi mmoja aliniita "Saa Tisa!" kwa nyuma. Niligeuka kabla sijajua ni nani.

Ndiyo maana huruma yako inanitisha. Ruhusa ya kwenda kunyonyesha usimwondolee, hiyo ni haki ya mtoto. Lakini ufagio usimnyime. Akikosea kazi, mkemee kama wengine. Kama ana kichwa cha hesabu, wadogo wa kidato cha kwanza wapelekwe kwake.

Walimu wako nao waache kumwita "Mama" ofisini, wanafunzi wanasikia. Dawati lihamishwe bila kutangazwa mstarini. Na wewe punguza hotuba, umerithi kwa babu yako.

Kesho ukibandika orodha ya zamu, jina lake liwe katikati ya majina ya wenzake, si peke yake chini. Kisha uniandikie amepangiwa kazi gani. Barua yangu ya Januari hukuijibu, hii naisubiri.

Ni mimi shangazi yako