Msitu wa Nonsuch

Kwa zaidi ya miaka 300, ndege wa baharini aitwaye cahow alidhaniwa ametoweka Bermuda. Alipopatikana tena mwaka 1951, katika nyufa za majabali, David Wingate alikuwapo, kijana wa miaka 15. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jozi 18 tu zilihesabiwa. Mwaka 1962 Wingate akahamia Nonsuch, kisiwa ambacho mierezi yake ilikuwa imeuawa na wadudu, akaotesha msitu upya ili ndege hao wapate tena udongo wa kuchimba viota. Alistaafu mwaka 2000, viota havijachimbwa bado. Vifaranga wakaanza kupelekwa huko mwaka 2004. Mwaka 2009 akaanguliwa kinda wa kwanza. Wazee hupanda minazi, madafu wakanywa wajukuu. Wingate aliwapandia ndege.