Deni linafika mara mbili kwa miezi mingapi?

Siku ya kugawana akiba tulikosana kwa sababu ya deni la dola 100. Mama mmoja wa chama chetu alilikopa kwa biashara yake ya sambaza. Mume akagonjwa, mtaji ukaishia kwa dawa, miezi 8 ikapita bila yeye kulipa kitu. Kanuni yetu ni kumi kwa mia kila mwezi, na faida isiyolipwa inaongezwa juu ya deni. Daftari likaonyesha dola 214. Akalia, akasema katibu amemwibia.

Kumbe ni sisi tuliomwambia, siku ya kukopa, kwamba deni litafika mara mbili baada ya miezi 10. Sisi wenye kufundisha hesabu! Tulijumlisha kumi kumi kama mtoto wa shule ya msingi.

Jioni tulitoa mashini yetu ya kuchora grafu. Swali lilikuwa hili: 1,1 tuizidishe yenyewe mara ngapi ili ifike 2? Hiyo ndiyo logarithimu ya 2 kwa msingi wa 1,1. Lakini mashini yetu ina LOG tu, ya msingi 10, na LN, ya msingi e. Zile mpya nyingine zinakuacha uandike msingi unaotaka. Yetu ni ya zamani. Basi tukafanya tunavyowaonyesha wanafunzi: log ya 2, gawanya kwa log ya 1,1.

Ikajibu 1,68. Mwezi mmoja na nusu na zaidi kidogo! Tulitaka kuitupa. Halafu tukaona: ukibonyeza LOG, mashini hiyo inafungua mabano yenyewe, lakini kuyafunga ni kazi yako. Hatukuyafunga nyuma ya 2, kwa hiyo ilichukua log ya mgawanyo wote. Ni kosa lile lile tunalokatia wanafunzi alama kila mwaka. Tulipoyafunga, ikatoa 7,27. Kwa LN pia, 7,27. Mwezi wa saba deni ni dola 194,87. Wa nane, 214,36. Katibu hakuiba hata senti.

Juma lililofuata tulisimama mbele ya wamama wote, tukaomba msamaha: kwanza kwa katibu, kisha kwa mama yule. Ilikuwa nzito kuliko kusimama mbele ya inspekta. Wengine walisema kanuni ni kanuni, alipe zote. Sisi tulisema alikopa kwa neno letu, na kwa neno letu ni dola 180. Zile 34 tutaziweka sandukuni sisi wenyewe, kidogo kidogo.

Walikubali. Kisha mama mmoja asiyesema sana akauliza: tukishusha kuwa tano kwa mia, je? Tukabonyeza pale pale, tukafunga mabano. Miezi 14 na kidogo. Tutapiga kura Jumamosi.