Kidani cha Laki na Ishirini

Nianze na ule mchezo wa mkono, maana ndio niliojivunia kuliko yote. Unamsimamisha mteja, miguu pamoja, mkono mmoja ameunyoosha pembeni, kiganjani ameshika simu yake. Unaukandamiza mkono ule kwa vidole viwili tu. Anayumba, nusura aanguke. Kisha unamvika kidani, unakandamiza tena, na safari hii amesimama kama mbuyu. Ukumbi unapiga makofi.

Siri ni upande unaosukumia. Mara ya kwanza unasukuma chini na kidogo kwa nje, uzito wake unatoka juu ya nyayo. Mara ya pili unasukuma chini na kidogo kuelekea mwilini mwake, na hapo hata umwongezee gunia la mchele hatikisiki. Ni somo la egemeo la kidato cha pili. Nalijua vizuri kwa sababu mimi ni mwalimu wa fizikia.

Ilikuwa 2019, mshahara ukifika tarehe kumi umekwisha. Jamaa niliyesoma naye akaniita kwenye semina ya biashara ya mtandao, Sinza, na huko ndiko nilikokutana na hicho kidani: kidude cheusi cha duara, kikubwa kama sarafu, kwenye kamba nyeusi. Tuliambiwa kina mawe ya volkano ya Japani, na kwamba nishati yake inazima mionzi ya simu na ya minara kabla haijafika ubongoni. Bei shilingi 120,000. Wenzangu wa enzi zile tukikutana leo husema, "Tulikuwa hatujui." Wao labda.

Msaidizi wangu mkubwa alikuwa neno mionzi. Kwa Kiswahili chetu jua lina mionzi, picha ya kifua ina mionzi, mgonjwa wa saratani hupelekwa Ocean Road kwa matibabu ya mionzi, na simu nayo, bila kubagua, ina mionzi. Darasani nilikuwa nachora ule mstari mrefu wa mawimbi, mwisho mmoja redio, mwisho mwingine gama. Nilikuwa naeleza kwamba chembe moja ya mwanga wa taa ina nishati zaidi ya mara 100,000 ya chembe ya wimbi la simu. Kwamba kung'oa elektroni kwenye atomu ni kazi ya urujuanimno mkali na wenzake walio juu yake, na wimbi la simu linachoweza ni kupasha joto kidogo. Ila sekondari tunafundisha fizikia kwa Kiingereza. Kengele ikilia, elimu ile naiacha darasani pamoja na chaki. Mbagala, jioni, kwenye mauzo, naongea Kiswahili, na kwa Kiswahili nilisema mionzi, nikanyamaza, nikamwachia mtu amkumbuke mwenyewe shangazi yake aliyelazwa Ocean Road.

Nilitembea na karatasi pia. Mei 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kundi hilo lina hata achari za mboga za Asia. Nilipoitafsiri karatasi ile, "huenda" iliangukia njiani.

Halafu nikawa na mawimbi ya ubongo. Ubongo una mawimbi yake, nilisema, simu ina yake, yakigongana kichwa kinauma. Nusu ya kwanza si uongo. Mjerumani Hans Berger aliurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na kilichomsukuma ni imani kwamba mawazo husafiri hewani: ujanani aliponea chupuchupu kufa jeshini, na siku hiyohiyo dada yake aliyekuwa mbali akashikwa na wasiwasi hadi baba yao akatuma telegramu. Alichokipata baada ya miaka yote hiyo si mawazo yanayosafiri. Ni mapigo ya umeme wa sehemu za milioni za volti, mara kumi hivi kwa sekunde, na hata kuyaona ni mpaka ugusishe waya kwenye ngozi ya kichwa. Wimbi la simu linapiga karibu mara bilioni kwa sekunde, au zaidi. Kuhofia yatagongana ni kama kuhofia kupwa na kujaa kwa bahari kutavurugwa na mlio wa mbu.

Siku moja mzee mmoja fundi redio alinyoosha mkono. "Mwalimu, kama hiki kinazuia, mbona simu inaita?" Nikajibu kinachuja, kinazuia mabaya na kupitisha mazuri. Watu wakamcheka yeye. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyojua: ukiziba kweli mawimbi, simu huongeza nguvu ili iufikie mnara. Mamlaka ya biashara ya Marekani ilishaonya hivyo mwaka 2002, ilipowashtaki wauzaji wa vibandiko vya simu vilivyodaiwa kuzuia mionzi.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilitangaza kwamba vitu kumi vilivyouzwa kama kinga dhidi ya mawimbi ya simu ya 5G, vidani vikiwemo, vyenyewe vinatoa mionzi, ile halisi, ya kung'oa elektroni. Ni kidogo, walisema, lakini anayevivaa usiku na mchana kwa muda mrefu vinaweza kumdhuru. Niliisoma habari hiyo kwenye chumba cha walimu. Jioni ileile nilimvua binti yangu kidani chake. Alikuwa amelala nacho shingoni miaka miwili. Alipouliza kwa nini, nikasema kamba imechakaa.

Kabatini nilikuwa na vingine tisa. Hadi Pasaka nilikuwa nimeviuza vyote.

Mwaka uliofuata rafiki yangu mwenye kipimo cha mionzi kazini kwake alinipimia kile cha binti yangu. Mashine ikaanza kudonoa kama kuku aliyemwagiwa mtama. Nikatoa daftari la mauzo, majina 43, nikaanza kuzunguka kurudisha fedha na kukusanya vidani. Nimewapata 17.

Wa kwanza kwenye daftari ni bibi mmoja aliyekuwa hapati usingizi tangu mnara ujengwe nyuma ya nyumba yake. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikamweleza kila kitu, kwa Kiswahili. Nikamsimulia jaribio la King's College London la 2006: watu 60 wanaosema simu huwaumiza kichwa, pamoja na wengine 60, wakawekewa mawimbi ya kweli na ya bandia bila kuambiwa yapi ni yapi. Wale 60 wa kwanza kichwa kiliwauma kwa ya bandia sawasawa na kwa ya kweli.

"Kwa hiyo mtu anaumwa kwa simu ya uongo?"

"Anaumwa kweli, bibi. Ila simu siyo iliyomuumiza."

"Basi na mimi nimepona kwa kidani cha uongo. Toka nivae nalala."

Nikamwambia ubaya ni kwamba hiki si kitupu, kina kitu ndani. Akakishika kifuani kwa mkono mzima.

"Wakati ule ulikuja na maneno mazuri, mwalimu. Leo pia umekuja na maneno mazuri. Laki na ishirini iweke hapo mezani, kidani niachie."

Nimekwenda mara tatu. Fedha alishachukua.