Saa ya Mwalimu na Mtoto Mwenye Kigugumizi

Ujiji inajulikana duniani kwa sentensi moja, ile inayosemekana Henry Morton Stanley alimwambia David Livingstone mwaka 1871. Wageni huja hadi leo kuona mahali ilipotamkwa. Katika mji huohuo anaishi mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la tatu, ambaye sentensi inayomtesa kuliko zote ni ya kutaja jina lake.

Mpwa wangu ana kigugumizi. Nilipokwenda likizo Kigoma, dada alinieleza kuwa shuleni mtoto amewekwa katika kundi la wasiojua kusoma. Nilimpa kitabu chake cha hadithi akisome kimya, kisha nikamwandikia maswali sita. Akayajibu yote kwa maandishi, bila kosa. Nilipomuuliza imekuwaje basi, alihangaika na silabi ya kwanza hadi ikatoka: “Mjomba, mimi najua. Mwalimu hangoji.”

Ndugu msomaji, suala la kungoja ni la kisera kabla ya kuwa la mwalimu mmoja. Baada ya upimaji wa stadi za kusoma wa mwaka 2013, taifa lilijiwekea lengo kwamba mtoto wa darasa la pili asome maneno 50 kwa dakika. Kipimo hicho kina mantiki yake, kwani kilifichua watoto waliokuwa wakipandishwa madarasa bila kujua kusoma. Hata hivyo, saa haiwezi kumtofautisha mtoto asiyezijua herufi na mtoto anayezijua ila kinywa hakimtii. Wote wawili huandikiwa alama ileile.

Kigugumizi si upungufu wa akili, wala si matokeo ya malezi mabaya. Inakadiriwa kuwa mtoto mmoja kati ya 20 hukipitia. Wengi hupona, na hubaki kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya 100. Huwapata zaidi wavulana na mara nyingi hufuata ukoo. Majirani walimshauri dada mtoto akatwe utando ulio chini ya ulimi. Kukata huko hakutibu kigugumizi, na dhihaka huongeza hofu ya kusema. Kwa upande mwingine, mwenye kigugumizi akisoma kwa sauti pamoja na wenzake, au akiimba, mara nyingi hakwami. Madrasani, watoto wanaposoma kwa pamoja, sauti ya mpwa wangu haitofautiani na za wengine.

Wataalamu wa tiba ya usemi wanalifahamu jambo hili na hulitumia. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha wataalamu hao mwaka 2008, na hapa nchini Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nacho kimeanzisha shahada ya fani hiyo. Ni hatua njema. Lakini tiba ya usemi haitolewi kwa siku moja kama sindano. Ni mazoezi ya miezi mingi, yakihusisha mzazi na mwalimu. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mvuvi wa dagaa hawezi kumpandisha mwanawe treni kila wiki.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto kusoma pamoja na wenzake na kupata msaada anaouhitaji. Kwa maoni yangu, maana yake kwa Kigoma ni kwamba Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni iwe na mtaalamu wa usemi mwenye ratiba ya kuzitembelea shule, na kwamba kila chuo cha ualimu kifundishe namna ya kumtambua mtoto wa aina hii.

Yapo pia yasiyohitaji bajeti. Mtoto asome sambamba na mwenzake. Apimwe ufahamu kwa maandishi. Asimaliziwe neno, wala asiambiwe “sema haraka”. Najua mwalimu mwenye darasa lililofurika ataona sekunde 20 za kumngoja mtoto mmoja ni anasa. Simlaumu, kwa kuwa hata mkaguzi wake anampima kwa kasi hiyohiyo.

Sisi wahadhiri hulalamika kwamba wanafunzi hawaulizi maswali. Wengine miongoni mwao walijifunza wakiwa na miaka minane kwamba kunyamaza ndiko salama, na hakuna semina ya chuo kikuu itakayowafundua haraka. Dada amemwandikia mwalimu mkuu kuomba mwanawe apimwe kusoma bila saa. Ombi hilo lingepaswa kuwa kanuni iliyomo tayari katika mwongozo wa upimaji, kwa kila mtoto wa nchi hii, hata yule ambaye mama yake hajui kuandika barua.